Mlinzi wa Malango Mawili

Kigingi, roboti mlinzi, alisogea kushoto kabla mpinzani hajageuza hata gurudumu moja, akajitandaza mbele ya lango. Roboti ya vijana wa bondeni ikaja mbio na dumu lake, ikamgonga kifuani, ikarudi nyuma ikiyumba, na kipenga kikalia. Ukumbi mzima ukalipuka. Juu kwenye ubao mkubwa maandishi yakajitokeza, na sauti ya Kigingi, nzito na ya taratibu, ikayasoma kwa wote:

"Nimekwenda kushoto kwa sababu dereva huyu akishangiliwa hupenda kwenda upande wa wanaomshangilia."

Watu wakaangua kicheko. Dereva mwenyewe, kijana mwenye miwani, akajipiga kofi kwenye paji la uso na kucheka nao, maana ilikuwa kweli tupu.

Mambo yalikuwa hivyo tangu Sheria ya Sababu ipite. Hakuna mashine iliyoruhusiwa kuamua jambo linalomhusu mtu halafu ikanyamaza. Hata mashine ya chai pale mlangoni ilimwambia kila mtu, bila kuulizwa, "Nimepunguza sukari kwa sababu hiki si kikombe chako cha kwanza," na wazee wazima wakaona haya mbele ya wajukuu zao. Kwenye mashindano ya roboti sheria ilikuwa kali zaidi. Roboti ikificha sababu, timu inatolewa. Na mchezaji akiiona sababu hiyo kabla ya mchezo, akaulizwa na mwamuzi, sharti aiseme.

Subilaga aliteremsha rimoti, akashusha pumzi. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa Shule ya Masebe, ingawa katika nusu fainali hiyo kazi yake ilikuwa kumzuia Kigingi asipitilize tu. Kazi kubwa ilifanywa na kivuli. Kivuli ndilo jina waliloipa kumbukumbu ya roboti, ile iliyomtazama dereva akicheza, ikajifunza tabia zake, mpaka ikaweza kusema atakwenda wapi kabla mwenyewe hajakata shauri.

"Fainali, Subi! Fainali!" Gwamaka, mshambuliaji wao, alimrukia shingoni nusura waanguke wote. "Na unajua tunakutana na nani? Itulwe! Tumeshawala hao. Kigingi anamjua Lusekelo mpaka anavyopiga chafya."

Subilaga akatabasamu kwa mdomo tu.

Masebe hawakuwa na karakana. Walifanya mazoezi bwaloni baada ya chakula cha mchana. Meza zilisukumwa ukutani, sakafu ikapigwa deki, madumu matupu ya mafuta ya kupikia yakapangwa, na roboti zikakimbizana huku harufu ya maharage ikiwa bado haijatoka. Walikuwa na roboti mbili tu, ya kushambulia na ya kulinda, na kwa miaka mitatu ile ya kushambulia iliendeshwa na Lusekelo. Shule nyingine zilialikana na kuazimana madereva, vivuli vyao vikaonja kila mtindo. Masebe walikuwa juu mlimani, mahali ambapo gari la shule lilipanda siku likijisikia. Kwa hiyo walimlisha Kigingi mtu mmoja.

Matokeo yake yalikuwa kichekesho. Kila mpinzani aliyekuja, Kigingi alimdhania Lusekelo, akamkinga mtu ambaye hayupo, na Masebe wakafungwa huku wapinzani wakishika mbavu. Mwalimu Atughanile alihangaika mwaka mzima kumfundisha kwamba duniani kuna watu wengine. Akafaulu. Ila hakuna aliyekumbuka kumfundisha kumsahau yule wa kwanza, na Januari hiyo mama yake Lusekelo, ambaye ni muuguzi, alihamishiwa Itulwe na mwanawe akaenda naye.

*

Katika chumba cha maandalizi, Subilaga aliomba abaki peke yake na Kigingi. Alifunga mlango, akaunganisha skrini ndogo ya majaribio, akaandika jina la mpinzani.

Kigingi hakuhitaji hata kufikiri.

"Nitakaa kulia," alisema kwa sauti ya chini, "kwa sababu Lusekelo akizibwa kulia hulazimika kutumia mkono wa kushoto. Mkono huo hupoteza nguvu mchezo ukirefuka. Huanza kwa kidole gumba. Kila muhula mkono unazidi kuchelewa. Anaficha."

Subilaga akachomoa waya kana kwamba umemchoma.

Alilijua jambo hilo. Alikuwa mtu pekee aliyelijua. Mchana mmoja, wakiosha vyombo bwaloni, sahani ilimponyoka Lusekelo, kisha nyingine, na alipoinama kuokota vipande akashindwa kuvishika. Alikaa chini kwenye maji ya sabuni, akamwambia kwamba mkono unakufa ganzi, kwamba umeanza zamani, kwamba hajamwambia hata mama. "Wakijua watanitoa kwenye rimoti," alisema. "Niapie, Subi." Akamwapia. Lakini roboti hakuapa. Siku zote zile Kigingi alikuwa akitazama tu na kujifunza.

Na leo, kiti cha mbele kabisa ukumbini, alikaa Bi. Tuntufye, mkuu wa Kikosi cha Uokoaji Migodini. Kila mwaka alikuja fainali kuchagua kijana mmoja wa kufundishwa kuendesha mashine zinazoingia chini ya ardhi mahali binadamu hawezi kufika. Mjomba wake Lusekelo alitolewa shimoni akiwa hai na mashine kama hizo, na tangu hapo Lusekelo hakutaka kuwa kitu kingine chochote maishani.

Kumbe basi, wakicheza kama walivyozoea, Masebe watashinda, na siri ya rafiki yake itaandikwa ubaoni kwa herufi ndefu kuliko mtu. Wasipocheza hivyo, karakana aliyoahidiwa mshindi, yenye paa na meza na taa zake, itakwenda Itulwe ambako tayari wanayo. Kivuli hakikuweza kukatwa vipande. Huwezi kumtoa Lusekelo ukabakiza wengine. Ama kiwake chote, ama kizimwe chote.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomkera, lile lililokataa kukaa upande wowote. Je, siku moja mkono huo ukigoma, na chini mgodini kuna mtu? Alilizungusha kichwani mpaka likamchosha. Mwisho aliona kwamba hilo nalo lazima lisemwe, tena lisemwe mapema, lakini mwenye kulisema ni Lusekelo. Si ubao.

Mlango ukagongwa. Kichwa cha Lusekelo kikachungulia, na sare ya Itulwe ilimkaa vibaya mabegani.

"Mlinzi, bado hujaota meno?"

"Nimeota ya kukutafuna wewe," alijibu Subilaga, na kwa sekunde kadhaa mambo yakawa kama zamani.

Lusekelo aliingia, akampapasa Kigingi kichwani, halafu mkono wa kushoto akaurudisha mfukoni upesi. "Najua nimo humo," alisema. "Nimekuja ku..." Akatazama sakafu. "Hapana. Sikuja kuomba kitu. Ni shule yako, nanyi mnakula vumbi la bwalo tangu lini. Nimekuja kukusalimia tu."

"Mkono?"

"Mzima."

Wote wawili walijua kwamba huo ni uongo. Subilaga alitamani kumshika huo mkono, lakini alijua atakasirika, basi akamwambia tu, "Haya, nenda. Tutaonana uwanjani." Lusekelo akaondoka bila kugeuka nyuma.

*

"Umelogwa?" aliuliza Gwamaka. Hakuwa anatania. "Mwalimu, mwambie. Mwambie huyu amelogwa!"

"Gwamaka, punguza sauti," alisema Mwalimu Atughanile. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye bisibisi iliyochomekwa kwenye kilemba saa zote, hata kanisani. "Subilaga mwanangu, hebu rudia. Unataka kuzima kivuli kwenye fainali?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nitamwendesha Kigingi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema! Mbele ya Lusekelo! Mtu tunayemjua nje ndani!" Gwamaka alikuwa karibu kulia. "Mlinzi gani siku hizi anaendesha kwa mikono mitupu? Tutakuwa kichekesho cha nchi nzima. Kama ni huruma ya rafiki, sema."

Kila neno lililokuja mdomoni lilikuwa nusu ya siri. "Nakuomba uniamini," alisema, na akajua jinsi maneno hayo yalivyo mepesi kwa mtu aliyesukuma meza za bwalo miaka mitatu.

Mwalimu alichomoa bisibisi, akakuna nayo shingo, akairudisha.

"Utamwachia apite?"

"Hapana, Mwalimu! Kamwe. Nitamzuia kwa nguvu zangu zote."

"Basi mlinzi ni wewe," alisema Mwalimu Atughanile. "Na tukifungwa, nyumbani nitajibu mimi. Gwamaka, futa uso, kachaji betri."

*

Fainali ilipoanza, ubao ulikuwa na mstari mmoja tu: *Kivuli cha Masebe kimezimwa. Mlinzi anaendesha mwenyewe.* Mnong'ono ukapita ukumbini. Ng'ambo ya uwanja, Lusekelo aliusoma, akausoma tena, kisha akamtazama Subilaga. Yeye akakwepa macho yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kuuelewa. Kila timu ilikuwa na zizi, na kila zizi lilikuwa na malango mawili, kulia na kushoto, yakitenganishwa na ukuta mfupi. Mshambuliaji anaokota madumu katikati ya uwanja na kuyaingiza kwenye zizi la wapinzani, mlinzi anamzuia. Dumu moja ni pointi moja, isipokuwa lile jekundu la mwisho, ambalo ni pointi mbili.

Mwanzoni Subilaga aliadhirika. Bila kivuli Kigingi alikuwa mzito kama kabati, naye alifika kila lango wakati dumu limeshaingia. Watu walicheka. Mtu mmoja akapiga kelele, "Washa mashine, binti!" Gwamaka kwa hasira alicheza kama aliyepandwa na mashetani, akaingiza madumu manne mfululizo, akaipindua hesabu. Taratibu vidole vya Subilaga navyo vikazinduka. Akazuia moja. Akazuia la pili. Kicheko kikafa, na badala yake watu wakaanza kusimama.

Likabaki dumu jekundu. Masebe walikuwa mbele kwa pointi moja. Likiingia, Itulwe ni mabingwa.

Lusekelo alilitwaa, akageuza, akaja.

Hapo ndipo Subilaga alipogundua kwamba kuzima kivuli hakukutosha. Kichwa chake hakikuwa na swichi. Alimwona Lusekelo akiinamisha bega, na akajua. Mchezo ulikuwa umerefuka. Akikaa kulia, kama Kigingi alivyotaka, Lusekelo atalazimika kutumia kijiti cha kushoto cha rimoti na kidole gumba kitamwangusha mbele ya Bi. Tuntufye, bila ubao kuandika hata herufi. Hakuna ambaye angemlaumu. Wangesema bahati. Na akikaa kushoto, atakuwa amemfungulia mlango rafiki yake na kuwauza wenzake, naye alimwahidi Mwalimu kwamba hatamwachia.

Mwili wake wote ulitaka kwenda kulia. Alikataa. Alikataa pia kushoto. Akabaki katikati, mbele ya ule ukuta mfupi, akiona roboti ya Itulwe inakua machoni pake, na mtu asiyemjua mpinzani wake angefanya nini hapo, alijiuliza. Angelazimika kuziba kote kuwili.

Kigingi alikuwa mwembamba, lakini alikuwa na mkono mrefu wa kuondolea madumu, mrefu kuliko yeye mwenyewe. Subilaga aliunyoosha mkono huo juu hadi ukomo. Halafu akalirudisha nyuma gurudumu moja, akalisukuma mbele jingine, na akafanya jambo ambalo kila fundi wa roboti nchini hutumia maisha yake kulizuia.

Akamwangusha.

Kigingi alianguka kiubavu kwa kishindo kilichofanya watoto wafunge masikio. Mwili wake ukaziba lango la kulia, mkono wake ukazunguka begani, ukalala mbele ya lango la kushoto. Roboti ya Itulwe ikafika, ikajaribu kulia, ikakuta betri na vyuma. Ikarudi, ikajaribu kushoto, ikausukuma ule mkono. Ukapinda, ukalia, ukapinda zaidi. Subilaga hakuwa na la kufanya tena. Roboti iliyolala haiendeshwi. Alisimama na rimoti kifuani akisema kimoyomoyo, shika, shika baba, shika.

Mkono ulikatika. Lakini kipenga kilikuwa kimeshalia.

*

Walimrusha juu. Mwalimu Atughanile alipoteza bisibisi yake. Gwamaka alikuwa akilia na kucheka, akimwambia kila aliyepita, "Umeona alivyolala? Amelala, bwana! Amewafungia kwa usingizi!" Na hapo mwamuzi mkuu akanyanyua mkono kuomba utulivu, maana kocha wa Itulwe alikuwa ameweka pingamizi.

Mwamuzi alikuwa mzee wa watu, mpole, asiyependa jambo hilo hata kidogo. Akamsogezea Subilaga kipaza sauti.

"Binti, kivuli chako kilizimwa, tumekagua. Lakini swali la kisheria ni hili. Kabla ya mchezo, ulikiuliza kivuli chako kuhusu mpinzani?"

Angeweza kusema hapana. Chumba kile alikuwa peke yake.

"Nilikiuliza," alisema Subilaga.

"Kikakupa sababu?"

"Ndiyo."

"Itaje basi, tuiandike ubaoni, tuone kama umeitumia. Ukumbi unasubiri."

Subilaga alitazama ubao mweupe. Aliona Bi. Tuntufye ameegemea mbele. Aliona Gwamaka ameacha kucheka.

"Sitaitaja, baba."

"Binti yangu, usipoitaja, ushindi unaondoka. Sheria ni hiyo, sikuitunga mimi."

"Uondoke," alisema Subilaga. Machozi yakaja bila ruhusa, kwa ajili ya karakana, na Mwalimu, na Gwamaka ambaye sasa alikuwa amejishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Mwamuzi akageukia meza yake. Ndipo mtu akapita katikati ya uwanja, akaruka mkono uliokatika wa Kigingi, akafika penye kipaza sauti. Alikuwa Lusekelo.

"Sababu ni mimi," alisema.

"Lusekelo, acha," Subilaga alimnong'oneza.

"Niache niseme." Alitoa mkono wa kushoto mfukoni, akaunyoosha mbele ya watu wote. Ulikuwa ukitetemeka, kidole gumba kimejikunja kuelekea kiganjani kama kidole cha mtoto aliyelala. "Mkono huu haunitii. Una muda mrefu. Kigingi anajua, na huyu anajua, na mimi nilimwapisha asiseme. Angekaa kulia mngenishangaa leo. Hakukaa kulia. Tazameni alipolala. Amelala kote."

Mwamuzi alimgeukia Subilaga. "Ndiyo sababu uliyopewa?"

Subilaga alimtazama Lusekelo, naye akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo, baba. Kilisema nikae kulia."

Waamuzi walitazama picha za mchezo. Hawakuchukua muda. Ushindi ukabaki Masebe, na safari hii makofi yalianzia upande wa Itulwe. Gwamaka alikuja polepole, akasimama mbele ya Subilaga, kisha akaenda kuokota ule mkono uliovunjika na kuubeba begani kwa heshima.

Bi. Tuntufye alikuwa ameshuka kutoka kiti chake. Kwa karibu alionekana mzee zaidi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyelala kidogo maishani.

"Shikamoo, mama," alisema Lusekelo. Aliurudisha mkono mfukoni, kisha akakumbuka, akautoa.

"Marahaba. Sikupi kazi leo," alisema Bi. Tuntufye. "Usije ukaondoka hapa ukidhani nimekupa. Kikosi kina daktari, atautazama huo mkono kwanza, na pengine ataweza kitu na pengine hataweza. Lakini nakuambia jambo. Nina madereva hodari. Wa kuniambia 'mama, leo mkono wangu haufai, mtume mwingine,' huyo sijampata bado. Wengi huniambia wakiwa wameshaharibu." Akavuta kiti, akaketi, akatoa kalamu. "Sasa nieleze. Ulianza lini, na ulianzaje?"

Lusekelo alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amezoea kuficha kiasi kwamba hakujua pa kuanzia.

Subilaga aliona ni mazungumzo ya watu wawili. Akageuka aondoke, ajiunge na wenzake waliokuwa wakimnyanyua Kigingi.

"Unakwenda wapi?" aliita Lusekelo. Alisogeza kiti kingine kwa mkono wa kushoto. Kilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia. "Kaa hapa, Subi. Msimulie habari yote ya mkono huu, mwanzo mpaka mwisho. Wewe unaikumbuka vizuri kuliko mimi."

Subilaga akakaa, akaanza kuisimulia.